Kerneli, Umeme na Faili za Wagonjwa: Ushuhuda Kutoka Uvira

Kwa miaka mingi watu wa Uvira wamenijua kama fundi wa mashine. Mashine ikigoma naitwa, ikiwaka naaga. Bado ni fundi, lakini namna yangu ya kufanya kazi imebadilika kabisa, na hilo ndilo ninalolishuhudia hapa: siku hizi siichukui kerneli kama ilivyokuja kwenye diski. Naifungua, naisoma, kisha naipanga kwa kufuata ukubwa wa RAM iliyomo, umeme unaotoka ukutani, na wagonjwa ambao majina yao yamehifadhiwa humo.

Kerneli ni kiini cha mfumo wa kompyuta, programu inayokaa kati ya vyuma na programu nyingine zote. Ndiyo inayogawa RAM. Ndiyo inayoamua kitu gani kiandikwe diskini na lini. RAM ikiisha, ndiyo inayochagua programu ya kuua ili nyingine zipumue. Linux, ninayoishughulikia mimi, ni kerneli ya namna hiyo. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 huko Helsinki, akiwa mwanafunzi, kwenye kompyuta ya nyumbani yenye prosesa ya 386 na megabaiti chache tu za RAM. Tangu hapo imekua hadi kubeba sehemu kubwa ya seva za dunia, na imekua pamoja na maamuzi ya watu walioiandika: kiasi gani cha RAM kichukuliwe kuwa kawaida, muda gani data ingoje kabla ya kushushwa diskini. Ukifanya kazi Nairobi au Dar es Salaam katika chumba chenye jenereta inayojiwasha yenyewe, unaweza kuyafuata maamuzi hayo miaka na miaka bila kuyagusa. Uvira hairuhusu.

Mji wetu ni mwembamba, umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, kuanzia mpaka wa Kavimvira hadi bandari ya Kalundu. Umeme wetu hutoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu na kumwagika ziwani kwetu. Umeme ukikatika usiku huku, ng'ambo ya maji taa za Bujumbura zinaendelea kuwaka, na kila fundi wa Uvira amewahi kuzitazama akijiuliza seva yake imezimika vipi.

Seva ninayoizungumzia ilikuwa ya hospitali moja ya mjini. Ilinunuliwa Bujumbura ikiwa imeshatumika, ikapita Gatumba na Kavimvira juu ya gari la mizigo, ikafika na vumbi lake. Ilikuwa na gigabaiti 16 za RAM, na kwa wakati ule, kwa mji ule, hiyo ilikuwa mali. Hospitali tayari ilikuwa na programu ya kuhifadhi faili za wagonjwa iliyokuwa ikienda kwenye mashine ndogo ya gigabaiti 2, juu ya Debian 6, mkusanyo wa Linux, lile toleo la mwaka 2011 lililoitwa Squeeze. Tuliunakili mfumo mzima kwenye mashine mpya kama ulivyo, tukaiwasha, ikakubali. Watu wakapiga makofi.

Baada ya muda mfupi mama aliyesimamia kumbukumbu za wagonjwa akaniita. Alikuwa mtu wa heshima, asiyependa kelele. Akaniambia, "Papa, mmetuletea mashine kubwa au jina kubwa? Mbona inakokota kama ile ya zamani?" Nikakaa mbele ya kioo. Mashine ilipokuwa ikiamka, maandishi yake ya kwanza yalionyesha megabaiti 16,384. Linux ilipokwisha kuamka, amri ya kupima RAM ikaonyesha gigabaiti 3 na ushee. Gigabaiti 12 na zaidi zilikuwa zimelala ndani ya sanduku, zinakula umeme, hazifanyi kazi.

Desturi yetu katika hali kama hiyo ilikuwa kulaumu vyuma. Ungesikia fundi akisema vijiti vya RAM ni feki, au mwuzaji amewapiga, au mashine inataka sehemu mpya. Kisha hospitali ingetafuta pesa nyingine, na pesa hiyo ingetoka kwenye mfuko uleule unaonunua dawa. Mimi nikampigia simu dada mmoja wa Bukavu aliyenitangulia katika kazi hii, ambaye sote tulimwita yaya, yaani dada mkubwa. Hakuniuliza habari za vijiti.

"Mdogo wangu, mashine imekuambia nini?"

"Haijasema kitu, yaya. Inafanya kazi, ila RAM haionekani."

"Imesema. Ingia kwenye boot, kuna faili inaanza na neno config. Tafuta HIGHMEM, unisomee."

Faili yenyewe iliitwa config-2.6.32-5-686. Ni orodha ndefu ya mistari, kila mstari ni uamuzi mmoja uliofanywa siku kerneli ile ilipojengwa. Nikatafuta. Mstari mmoja ulisema CONFIG_HIGHMEM4G=y. Uliofuata ulisema kwamba CONFIG_HIGHMEM64G haikuwekwa. Nikamsomea. Akacheka kidogo, akasema, "Basi. Mtu aliiambia kerneli hiyo kwamba dunia inaishia kwenye gigabaiti 4, nayo imetii."

Sitaisahau simu ile. Miaka yote nilikuwa nimeziona faili zile zikikaa pale na sikuwahi kudhani kwamba jibu la swali la hospitali linaweza kuwa mstari mmoja wa maandishi ambao mtu yeyote mwenye macho anaweza kuusoma bila kulipa hata faranga moja.

Hesabu yake ni hii. Kerneli ile ilikuwa ya biti 32. Biti 32 zinaweza kuhesabu anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4, na sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na kadi na vifaa vingine, ndiyo maana tuliona 3 na kidogo. Mwaka 1995 Intel ilitoa prosesa ya Pentium Pro yenye mbinu inayoitwa PAE: anwani za RAM zikapanuliwa hadi biti 36, na mlango ukafunguka hadi gigabaiti 64. Linux ikajifunza kuutumia mlango huo kuanzia matoleo ya 2.4, mwaka 2001. Debian yenyewe ilikuwa na kerneli iliyojengwa hivyo, jina lake likimalizikia na neno bigmem. Tukaivuta kwa mtandao wa satelaiti, usiku, wakati watu wengi wamelala na mtandao umepungua mzigo. Asubuhi gigabaiti 16 zote zilionekana.

Lakini kuonekana ni jambo moja na kutumika ni lingine. Kila usiku seva ilikuwa ikinakili faili zote kwenye diski ya pili: fomu za kulazwa, vipimo vya maabara, picha za karatasi zilizoskaniwa, maelfu kwa maelfu ya faili ndogondogo. Sasa ikawa inafika katikati ya kazi hiyo, kisha hifadhidata ya wagonjwa inakufa. Asubuhi wauguzi wa mapokezi wanarudi kwenye madaftari. Katika msimu wa kipindupindu, ugonjwa ambao haujawahi kutuaga Uvira, foleni haimngojei fundi. Mtu anaingia amebebwa, na anayepokea anataka kujua kama alikwisha kulazwa, kwa dawa gani, kutoka avenyu gani.

Safari hii sikungoja kuambiwa. Nilifungua kumbukumbu za kerneli mwenyewe, na humo nikakuta imeandika wazi kwamba imeishiwa RAM na imeiua PostgreSQL, programu ya hifadhidata yetu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Juu ya mstari huo ilikuwa imeweka hesabu yake. RAM ya chini, ile ambayo faili ya /proc/meminfo huiita LowFree, ilikuwa imebaki megabaiti chache. RAM ya juu, HighFree, ilikuwa na zaidi ya gigabaiti 9. Programu iliuawa kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula.

Mwenye kuifahamu bandari ya Kalundu ataelewa upesi. Ghala linaweza kuwa kubwa hata likameza shehena ya meli kadhaa, lakini kila gunia lina karatasi yake, na karatasi zote hukaa juu ya meza moja ya karani. Ukiongeza ghala, karatasi zinaongezeka, meza haikui. Siku meza ikijaa, karani hawezi kupokea hata gunia moja, ijapokuwa nusu ya ghala ni tupu.

Meza ya Linux ya biti 32 ina upana wa megabaiti 896. Ndicho kipande cha RAM ambacho kerneli hukifikia moja kwa moja, na mambo yake yenyewe lazima yakae hapo. Kwanza, RAM yote hugawanywa katika kurasa za kilobaiti 4, na kila ukurasa una baiti 32 za maelezo. Gigabaiti 16 ni kurasa 4,194,304. Zidisha kwa 32, unapata megabaiti 128 zilizokwisha chukuliwa kabla ya kazi yoyote kuanza. Kwa gigabaiti 64 maelezo hayo peke yake yangekula megabaiti 512 kati ya zile 896. Kisha kila faili inayoguswa, kerneli huikumbuka kwa kuweka habari zake kwenye meza ileile. Nakala yetu ya usiku iligusa faili zote za hospitali. Meza ilijaa. Ndiyo maana kuongeza vijiti kungezidisha ugonjwa.

Yaya aliponipigia kuulizia maendeleo, nilikuwa nimeshaiona njia. Prosesa za seva ile zilikuwa za biti 64. AMD ilikuwa imeuza Opteron za namna hiyo tangu mwaka 2003, na Intel ikafuata. Kuthibitisha ni rahisi: katika /proc/cpuinfo, kwenye mstari wa sifa za prosesa, tafuta herufi mbili, lm. Zikiwapo, biti 64 inawezekana. Shida ilikuwa programu ya hospitali, ambayo ilikuwa imejengwa kwa biti 32 na hatukuwa na namna ya kuijenga upya. Hapo Debian 6 ilitupa zawadi ambayo wengi hawakuijua: hata katika mkusanyo wake wa biti 32 kulikuwa na kerneli ya biti 64. Unabadilisha kiini peke yake, programu za juu zinabaki kama zilivyokuwa, tena kila moja inapata karibu gigabaiti 4 za anwani badala ya 3.

Tukaiweka. Nilipofungua /proc/meminfo, mistari ya LowTotal na LowFree haikuwepo tena. Meza na ghala vilikuwa kitu kimoja. Nakala ya usiku ikapita hadi mwisho, na mama wa kumbukumbu akaleta soda.

Mtu mwingine angefunga mkoba wake siku ile. Mimi nilibaki na wasiwasi, maana nilikuwa nimeanza kusoma nyaraka zinazokuja na kerneli yenyewe, na humo nikakutana na namba mbili: 10 na 20. Programu inapoandika faili, Linux haikimbilii diskini. Huweka data kwenye RAM kwanza, iiandike baadaye kwa utulivu, na kasi ya Linux katika kuandika inatokana kwa sehemu kubwa na ujanja huo. Data ikifikia asilimia 10 ya RAM iliyopo, kerneli huanza kuishusha polepole. Ikifikia 20, huwazuia waandishi mpaka ishuke. Data iliyokaa zaidi ya sekunde 30 nayo hushushwa. Kwenye kerneli ya biti 32, asilimia hizo zilipimwa kwa RAM ya chini tu, kwa hiyo zilikuwa megabaiti kadhaa. Kwenye biti 64 zilipimwa kwa RAM yote. Kwa gigabaiti 16, ngazi ya kwanza ilikuwa karibu gigabaiti 1.6 na ya pili karibu 3.2.

Nilichokiogopa kikatokea. Umeme ulikatika mchana, wakati karatasi zinaskaniwa kwa wingi. UPS, kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, ilikuwa na betri zilizochoka, ikashindwa mara moja. Ulipowaka tena, hifadhidata ilikuwa salama, kwa sababu PostgreSQL hulazimisha kila muamala uliokamilika ushuke diskini kabla ya kusema ndiyo. Picha za karatasi hazikuwa na ulinzi huo. Tulikuta faili zenye majina na tarehe, ndani hakuna kitu. Bahati yetu karatasi zenyewe zilikuwa bado mezani, zikaskaniwa upya.

Hapo ndipo jambo lilipoiva moyoni mwangu. RAM nyingi ni neema, ila kila gigabaiti unayoongeza, kerneli iliyoachwa kama ilivyokuja itaiongeza pia kwenye kile unachoweza kupoteza umeme ukikatika. Hakuna aliyetudhulumu, namba zile ni nzuri kwa mashine ambayo umeme wake haukatiki. Hazikuandikwa kwa ajili ya Uvira, na wa kuziandika upya kwa ajili ya Uvira ni sisi tunaoishi hapa.

Nikafungua /etc/sysctl.conf, faili ya mipangilio ya kerneli. Badala ya asilimia, nikaweka kiasi kamili: vm.dirty_background_bytes ikawa 67108864, yaani megabaiti 64, na vm.dirty_bytes ikawa 268435456, megabaiti 256. Muda wa data kungoja nikaushusha kutoka sekunde 30 hadi 5. Uandishi ulipungua kasi kidogo, mtu wa skana akaniambia ameona tofauti, nikamweleza sababu, akakubali. Betri za UPS zikabadilishwa, na seva ikafundishwa kujizima yenyewe kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani na mto Mulongwe ukatoka kwenye njia yake. Watu wengi walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, mitambo ya kusafisha maji ya mji ikaharibika. Mimi na majirani tulikuwa tunatafuta watu, na seva haikuwa hata kwenye mawazo yangu. Nilipofika hospitalini baadaye, chumba chake kilikuwa kikavu, umeme hakuna, mashine imejizima yenyewe. Tulipopata jenereta tukaiwasha na kukagua faili za siku ya mwisho moja baada ya nyingine. Zote zilifunguka. Mama wa kumbukumbu, ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa imeingia maji, alikaa kwenye kiti akaanza kuita majina ya wagonjwa ili tujue nani alikuwa wodini usiku ule.

Baada ya hapo ilikuja mashine ya gigabaiti 64, na somo lingine. PostgreSQL ilipewa gigabaiti 16 za RAM ya kushirikiana, na kila mtu anayeunganishwa anapata mchakato wake. Kila mchakato unahitaji jedwali la kuonyesha kurasa ziko wapi, baiti 8 kwa kila ukurasa wa kilobaiti 4. Ukigusa gigabaiti zote 16, jedwali hilo ni megabaiti 32. Vituo vya afya vya pembezoni vilipoanza kuunganishwa, michakato ikafika karibu 100, na mstari wa PageTables katika /proc/meminfo ukapanda hadi karibu gigabaiti 3: RAM iliyokuwa ikitumika kukumbuka RAM iko wapi. Dawa yake ni kurasa kubwa, za megabaiti 2 kila moja. Gigabaiti 16 zikawa kurasa 8,192, na jedwali la kila mchakato likashuka hadi kilobaiti 64. PostgreSQL inazikubali kurasa hizo kwa chaguo lake rasmi tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014. Nilitenga kurasa kidogo zaidi ya zile 8,192, nikashusha vm.swappiness, kipimo cha wepesi wa kerneli kuhamishia vilivyomo RAM diskini, kutoka 60 hadi 10, nikaanzisha upya.

Vijana wa Uvira, Sange na Baraka wanaoniletea mashine zao siku hizi nawaanzisha kwa /proc/meminfo kabla hawajashika bisibisi. Bado naona mashine zenye gigabaiti 8 zinazoonyesha 3, kwa sababu diski ya zamani ya biti 32 bado inazunguka. Mwaka 2025, katika toleo la 6.15, Linux iliondoa kabisa lile chaguo la gigabaiti 64 kwa biti 32 kwenye prosesa za Intel na AMD. Sikulisikitikia. Lilitusaidia kwa muda, likatuachia meza iliyojaa.

Hospitali sasa inazungumza na wafadhili kuhusu seva ya gigabaiti 128. Waliniomba niandike mahitaji. Nimeandika betri kwanza, na pembeni nimeweka hesabu: asilimia 20 ya 128 ni zaidi ya gigabaiti 25 za data inayoweza kuwa bado kwenye RAM, haijashuka diskini, dakika umeme unapokatika, kama hakuna atakayefungua sysctl.conf. Mkurugenzi ameisoma, ameniita Jumatatu nimfafanulie mbele ya wote.